Msumeno Kwanza, Nyundo Baadaye: Useremala wa Watoto Uani, Makuyuni

Ukitoka Korogwe mjini kuelekea Mombo, milima ya Usambara ikiwa mkono wako wa kulia, unapita Makuyuni. Nasema Makuyuni ya Wilaya ya Korogwe, mkoani Tanga, si ile ya Monduli ambayo watalii wanakatia kona kwenda Manyara. Barabarani hapa kuna mafundi seremala. Vitanda vimeegemezwa ukutani, fremu za milango zimepangwa juani, na randa ya mkono inasikika tangu asubuhi. Watoto wanaporudi shule husimama kutazama. Wanatazama kidogo tu, kisha inatoka sauti ya mkubwa: "Tokeni hapo, mtajikata!"

Fundi ana haki ya kusema hivyo. Karakana yenye mashine ya kuranda na msumeno wa umeme si mahali pa mtoto. Lakini mtoto yuleyule akifika nyumbani anakuta msumeno umefichwa juu ya kabati, nyundo haijulikani iliko, na mzazi anayemwambia akasome. Hivyo anakua akizungukwa na mbao, analala juu ya mbao, anakalia mbao darasani, wala hajawahi kukata ubao hata mmoja kwa mkono wake. Mimi naliona jambo hili kuwa hasara kubwa, na nitaeleza kwa nini, nikianzia na tunavyofanya uani kwetu siku za Jumamosi.

Wanaokuja ni watoto wa dada yangu na wenzao wa jirani, wa kike kwa wa kiume, kuanzia darasa la pili hadi la saba. Tunakaa chini ya mwembe. Vifaa ni vichache: misumeno, tepu, skwea, penseli, nyundo ndogo, tupa na msasa. Patasi ipo, lakini inakaa kwangu. Mtoto anayeanza akishika patasi, mkono wa pili karibu kila mara huwa mbele ya makali, na hapo ndipo damu inapotoka. Hata wakubwa wanajikata hivyo. Kwa hiyo patasi inangoja mpaka mtoto awe na mazoea ya kufunga kazi yake kwenye jiliwa na kushika kwa mikono yote miwili.

Wengi wanaoanza kufundisha watoto huwapa nyundo na misumari kwanza, kwa kuwa inafurahisha na ina kelele. Mimi naanza na msumeno. Nyundo inamfundisha mtoto kwamba kazi ni nguvu. Msumeno unamfundisha kinyume chake, maana ukiulazimisha unakwama, unapinda, au unaruka nje ya mstari. Ukiuachia uzito wake ufanye kazi, unakwenda wenyewe. Mtoto akishalielewa hilo kwa mkono, vifaa vingine vyote vitamjia kwa urahisi.

Sasa, kwa kukata, huku Korogwe tuna neema ambayo watu wa mikoa mingi hawana. Mkonge ukishazeeka huchipusha katikati mti mrefu wa maua, na baada ya hapo mmea wenyewe hufa. Mti ule ukikauka unakuwa mwepesi, ganda lake gumu kiasi, ndani laini kama sponji. Watu hujengea mabanda na nyua. Mkonge uliletwa pwani hii mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na mashamba yake yakaifanya Tanga ijulikane duniani. Sijui kama kuna aliyefikiri kwamba mti wa ua lake ungekuja kumfaa mtoto anayejifunza kukata. Hata wa miaka sita anaweza kuukata kwa msumeno wa chuma, ule wa fremu wenye meno madogo, na akafika mwisho kabla hajachoka. Ushindi huo wa kwanza ni muhimu. Mtoto akianzia kwenye mninga au mkongo ataona useremala ni adhabu.

Kabla ya kukata kuna kushika. Tunatumia kibao cha kuzuilia, kitu rahisi ambacho kila fundi anaweza kukitengeneza kwa mabaki: ubao mfupi wenye kipande kimegongwa juu upande mmoja na kingine chini upande wa pili. Kile cha chini kinashika ukingo wa meza, kile cha juu kinazuia kazi isisogee. Mtoto anasukuma kipande chake kwenye kizuizi kwa mkono wa kushoto, mbali na njia ya msumeno, kisha anakata kwa mkono wa kulia. Meza yenyewe ifike kiunoni mwake, si kifuani. Mtoto anayekata akiwa ameinua mabega hawezi kunyoosha mstari hata awe hodari vipi.

Halafu kuna namna ya kuanza. Msumeno hauanzi kwa kusukuma. Unauweka ukingoni, pembeni kidogo ya mstari, upande wa kipande kitakachotupwa, unauvuta kuja kwako mara mbili au tatu polepole mpaka ujichimbie kijia. Kidole cha shahada kinanyooka ubavuni mwa mpini, kinaelekeza. Kiwiko kinapita karibu na mbavu. Baada ya hapo ndipo unasukuma, mwendo mrefu, ukitumia urefu wote wa msumeno na si inchi tatu za katikati. Nawaambia wasikilize. Msumeno unaokata sawasawa una sauti moja. Sauti ikibadilika, mkono umepinda. Watoto wanalishika hili haraka kuliko watu wazima, na kuna binti wa jirani, wa darasa la tano, ambaye siku hizi anawasahihisha wenzake akiwa amewapa mgongo.

Somo linalonifurahisha zaidi lilitokana na tepu. Mtoto mmoja aliivuta, akatikisa kile kibati cha kunasia kilichopo mwanzoni, akaniletea kwa huruma. "Mjomba, tepu yako imeharibika. Hii inacheza." Nikamwambia aweke kibati hicho ukingoni mwa ubao avute, aone kinavyotoka nje. Kisha akibane ukutani asukume, aone kinavyorudi ndani. Kinacheza kwa kiasi kilekile cha unene wake, ili ukipima kwa kuning'iniza au ukipima kwa kugandamiza, jibu liwe moja. Aliyekitengeneza alikusudia. Yule mtoto alirudia kukivuta na kukisukuma, kisha akaenda kumwonyesha kila mtu, pamoja na bibi yake aliyekuwa anachambua mchicha.

Tepu hiyohiyo inafundisha hisabati bila ubao wa chaki. Mafundi wetu wanapima kwa inchi, na inchi imegawanywa nusu, robo, moja ya nane, moja ya kumi na sita. Watoto wa darasa la nne na la tano wanaosumbuliwa na sehemu kwenye daftari wanaziona hapa zimechorwa, na wanazigusa. Wanajifunza pia jambo lisiloandikwa kwenye vitabu vyao: ukikata vipande viwili vya inchi nane kutoka kwenye ubao wa inchi kumi na sita kamili, cha pili kitapungua, kwa kuwa msumeno nao umekula upana wa njia yake. Ile milimita moja au mbili iliyogeuka unga lazima ihesabiwe.

Kitu cha kwanza kamili tunachotengeneza ni kigoda cha jikoni. Nimekichagua kwa sababu kila nyumba inakihitaji, pembeni ya jiko la mkaa au kwa kufulia, na kwa sababu kina vipande vinne tu. Ubao ni wa paina, moja kwa nane, uliokauka. Kikalio inchi kumi na nne. Miguu miwili, inchi nane kila mmoja, ni ubao uleule umesimamishwa. Kipande cha nne ni cha kati, moja kwa tatu, urefu wa inchi kumi, kinasimama wima kati ya miguu chini ya kikalio kuizuia isitanuke. Miguu inaingia ndani inchi moja kutoka kila ncha ya kikalio. Piga hesabu utaona zile inchi kumi zinakaa barabara. Gundi ya mbao kila panapokutana, kisha misumari ya inchi mbili na nusu: miguu kwanza kwenye kipande cha kati, kikalio mwisho.

Hapa ndipo nyundo inapata nafasi yake. Paina inapasuka kirahisi karibu na ncha, na hakuna kinachomvunja moyo mtoto kama kuona kazi yake ikipasuka kwenye msumari wa mwisho. Dawa yake mafundi wanaijua. Geuza msumari, weka kichwa chake juu ya jiwe, gonga ncha mara moja iwe butu. Msumari wenye ncha kali unaingia kwa kutanua nyuzi za mbao na kuzipasua; uliobutuliwa unazivunja na kuzisukuma mbele yake. Kwa vidole vidogo, tunachomeka msumari kati ya meno ya kitana cha zamani, mtoto anashika kitana, nyundo ikikosea inapiga plastiki. Mbao ikiwa ngumu, sabuni kidogo ya kufulia kwenye msumari inasaidia.

Sigusi kazi ya mtoto. Hili nalishikilia sana. Mstari ukienda upande, nachukua kipande changu mwenyewe na kumwonyesha juu ya hicho, yeye anarudi kwenye chake. Kigoda kilichonyooshwa na mjomba ni cha mjomba. Kilichopinda kidogo, ambacho mtoto amekipiga msasa kwa kufuata nyuzi mpaka ukipitisha kiganja hupati kibanzi hata kimoja, juu ya hicho atamketisha mama yake na atakitetea mbele ya mgeni yeyote.

Mbao za kufundishia hazihitaji fedha nyingi. Milima iliyo juu yetu ina shamba la miti la Shume, wilayani Lushoto, na mzigo wa huko unateremkia Mombo. Upande wa Muheza kuna Longuza penye misaji. Kwa mtoto, paina inatosha kabisa, na mgrivilea nao haumsumbui. Mabanzi, yaani vile vipande vya pembeni vyenye magamba vinavyobaki gogo linapopasuliwa, mara nyingi huishia motoni. Mtoto anaweza kujifunzia hayo miezi mingi.

Lakini mbao si zote salama, na hapa naomba mzazi asome taratibu. Zile zenye rangi ya kijani, zilizotiwa dawa dhidi ya mchwa, mara nyingi zina mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Aseniki ni sumu. Mbao hizo zinafaa kwenye paa, hazifai kupigwa msasa na mtoto, na vipande vyake visitiwe jikoni kupikia. Mbao za paleti za mizigo nazo zisomwe muhuri: zenye herufi HT zilitiwa joto kuua wadudu, zenye MB zilifukizwa gesi ya sumu, hizo ziache. Unga wa mvule unawasha ngozi na kubana kifua kwa baadhi ya watu. Na vumbi la mbao kwa jumla si la kuchezea. Wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani, ulio chini ya Shirika la Afya Duniani, uliliweka mwaka 1995 katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Hiyo inawahusu zaidi wanaolivuta miaka mingi ndani ya karakana, lakini mazoea mema huanza mapema: tunafanya kazi nje, upepo ukipita, tunapiga msasa tukiwa tumefunga kitambaa puani, tunafagia kwa kunyunyiza maji kwanza. Kandambili haziruhusiwi. Kanga na mikono mirefu vinafungwa. Msumeno ukimaliza kazi unarudi mahali pake, hauachwi majanini.

Kuna wanaoniuliza kama hii si kuwatumikisha watoto. Swali ni la haki. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kwa aliyefikia miaka 14, isiyomdhuru wala kumkosesha masomo, na inakataza kazi za hatari kwa mtoto yeyote. Mpaka wangu ni huu: hakuna kinachotengenezwa hapa kinachouzwa, hakuna oda, na mtoto akichoka anakwenda kucheza mpira. Siku kigoda cha mtoto kitakapopangiwa bei barabarani, somo litakuwa limegeuka ajira.

Swali gumu zaidi linatoka kwa wazazi, nalo huulizwa kwa sauti ya chini: kwani mtoto amefeli? Mawazo haya yametukaa. Tumelea vizazi kadhaa tukiwaambia kwamba ufundi ni wa aliyeshindwa mtihani, kisha fundi akichelewesha kabati letu tunamlaumu kwamba hakusoma. Nasikitika kuona jambo hili katika mkoa wetu hasa, maana shule ya serikali iliyofunguliwa na Wajerumani mjini Tanga katika miaka ya 1890 ilikuwa na mafunzo ya useremala na uchapaji pembeni ya kusoma na kuandika. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alilalamikia hilihili: shule inayomtenga kijana na kazi za watu wake na kumfanya aione kalamu kuwa bora kuliko jembe. Tuliitikia kwa mashamba na karakana za shule. Kwingi karakana zile zilikufa vifaa vilipokwisha.

Wengine walilishika jambo hili wakalikomaza. Finland iliingiza kazi za mikono katika shule zake za msingi mwaka 1866, kwa fikra za mchungaji na mwalimu Uno Cygnaeus, na mpaka leo watoto wake, wavulana kwa wasichana, wanajifunza mbao na nguo. Sweden ilimpata Otto Salomon, aliyefungua chuo cha walimu mahali paitwapo Nääs, karibu na Gothenburg. Walimu wa nchi nyingi walikwenda kujifunza kwake. Kanuni zake zilikuwa nyepesi kueleza: mtoto atengeneze kitu kamili kitakachotumika nyumbani, aanze na rahisi aende kwenye kigumu, na mwalimu asiimalize kazi ya mwanafunzi. Salomon hakukusudia kuzalisha maseremala. Alitaka mtoto apate jicho linaloona mstari, mkono unaotii na subira ya kumaliza alichoanza, awe baadaye daktari au mkulima.

Sisi na Sweden tumekutana katika jambo hili tayari. Vyuo vyetu vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa mwaka 1975, vilijengwa kwa mfano wa vyuo vya watu wa kule Skandinavia na kwa msaada wa Sweden. Kimoja kiko Handeni, ng'ambo ya Mto Pangani kutoka kwetu. Lakini vyuo hivyo ni vya vijana na watu wazima. Wa miaka tisa hana pake.

Na wakati umebadilika. Januari 2024 mtaala mpya ulianza, na sasa kijana anapoingia Kidato cha Kwanza kuna mkondo wa jumla na mkondo wa amali, ambao ndani yake mna fani za ufundi. Ni hatua njema na ninaiunga mkono kwa moyo wote. Ila tujiulize kijana wa miaka 13 au 14 atachagua vipi fani ambayo hajawahi kuigusa. Akichaguliwa useremala na hajawahi kushika randa, ataona ametupwa. Aliyewahi kutengeneza kigoda akiwa darasa la nne ataingia karakana akijua anachokitafuta, au atajua mapema kwamba mbao si zake, na hilo nalo ni jambo la kulijua.

Kwa wasichana naongeza neno. Uani kwetu wanaonyoosha mstari vizuri zaidi ni wao, na sioni siri yoyote ndani yake isipokuwa kwamba hawaharakishi. Hata hivyo ndio wanaoitwa katikati ya somo kwenda kuchota maji au kumbeba mdogo wao. Mzazi, ukimpa kaka saa mbili za kukata mbao, mpe na dada yake saa hizohizo mbili.

Likizo ya Desemba watoto wanakuwa nyumbani wiki nyingi. Wazazi wa Makuyuni, wa Mombo, wa Handeni na kwingineko, nunueni msumeno mmoja mzuri kuliko vifaa kumi vya ovyo, tafuteni kivuli, kaeni na watoto wenu. Kamati za shule, ombeni kipande cha uwanja na meza mbili za kimo cha mtoto, na mwiteni fundi wa kijiji aje siku moja kwa wiki, alipwe haki yake. Nanyi mafundi wa barabarani, endeleeni kuwafukuza watoto kwenye mashine, mko sahihi. Lakini mabanzi mnayochoma jioni, mtoto akija kuyaomba, mpeni.